Sura ya Tano: Ujasiri wa Mtu Anayejulikana

Mchungaji anapotangaza wiki ya uinjilisti katika usharika wa Singida, macho ya waumini huelekea upande mmoja, pale alipoketi mwinjilisti wa mtaa. Yeye ndiye mwenye kazi hiyo. Ndiye aliyekwenda chuo cha Biblia, ndiye anayepewa posho kidogo ili ahubiri. Kwa Wakatoliki macho hayohayo humtafuta katekista wa kigango. Sisi wengine tutatoa sadaka, tutapika, tutawapokea wageni stendi na kuwabebea mizigo, tutawaombea usiku kucha. Kumweleza mtu habari za Yesu kwa kinywa chetu, hapana.

Ukimwuliza muumini mmoja mmoja sababu, atakwambia hajui Biblia vizuri, au yeye si mwepesi wa maneno. Lakini mtu huyohuyo, siku ya mnada, anamshawishi mnunuzi asiyemjua mpaka anaondoka na mbuzi wake. Anaweza kukaa na jirani kutwa nzima akimweleza kwa nini mbegu fulani ya alizeti inafaa udongo wetu kuliko nyingine. Maneno anayo. Kinachomzuia ni kitu kingine, na kwa kuwa hakitajwi, hakitibiwi.

Singida hatuogopi kukamatwa kwa ajili ya imani. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa kuabudu na kueneza dini, na misikiti na makanisa yamepakana tangu bibi na babu zetu wakiwa watoto. Tunachoogopa ni kwamba tunajulikana. Katika kijiji cha Mkalama au Ikungi watu wanajua una ng'ombe wangapi na walipatikanaje. Wanajua ulivyomtoa ndugu yako kwenye shamba la baba. Wanajua unarudi saa ngapi kutoka kilabuni, na mkeo siku hiyo alilala wapi. Ukisimama mbele yao kusema Kristo amekufanya mtu mpya, kila anayekusikiliza ana kumbukumbu za kukupimia. Mhubiri anayetoka Arusha na vipaza sauti vyake hana shida hiyo. Anahubiri siku tano, anakunja turubai, anaondoka. Wewe utabaki, na kesho utachota maji kwenye kisima kilekile na watu walewale.

Ndiyo maana mafundisho mengi ya ujasiri hayatufikii. Yanatufundisha kupaza sauti, kushika maikrofoni, kukariri aya za kumjibu mpinzani. Hayo yanamfaa mgeni. Mkristo wa kawaida anahitaji kujua jinsi mtu anayejulikana anavyopata kinywa, na naamini jibu lake lipo kwenye historia ya kanisa letu hapahapa Afrika Mashariki.

Tuanze na Iramba. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika huko miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vikawang'oa. Katikati ya miaka ya 1920 kazi yao ikachukuliwa na Wamarekani wa kanisa la Augustana, Walutheri wenye asili ya Sweden, na kutoka kwao yakakua majina ambayo kila mtu wa Singida anayafahamu: Kiomboi, Kinampanda, Iambi. Kisha vikaja Vita vya Pili. Wajerumani waliokuwa katika misheni za Tanganyika wakawekwa kizuizini, na Wamarekani wachache waliokuwa Iramba na Unyaturu wakatakiwa kuangalia pia misheni za Kilutheri zilizoachwa yatima sehemu nyingine za nchi. Msaada kutoka ng'ambo ulikuwa wa shida. Mwezi Aprili 1941 meli ya Kimisri iitwayo Zamzam ilizamishwa na Wajerumani katika Atlantiki ya kusini, na ndani yake walikuwamo wamisionari wa Augustana na familia zao wakija Tanganyika. Mke wa mmisionari Elmer Danielson alikuwa humo na watoto wao sita. Waliokolewa wote, lakini kufika huku ikawa ndoto ya baadaye.

Katika miaka hiyo Injili ilibebwa na walimu wa shule za vijijini, hizi zilizokuwa na kibanda cha udongo au kivuli cha mti, kitabu cha kusomea, na katekisimo. Mwalimu wa namna hiyo hakuwa msomi mkubwa. Mara nyingi alijua kusoma, kuandika, kuhesabu na kuomba. Alikuwa Mnyiramba kati ya Wanyiramba au Mnyaturu kati ya Wanyaturu, amezaliwa boma la jirani, amechunga ng'ombe na hao anaowafundisha. Majina ya walimu hawa hayajai kwenye vitabu vya historia. Ila kanisa lililoungana na mengine sita tarehe 19 Juni 1963 kuunda Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambalo leo tunaliita Dayosisi ya Kati, lilisimama juu ya mabega yao. Upande wa Wakatoliki, kabla Jimbo la Singida halijaanzishwa mwaka 1972, makatekista walikuwa wamekwisha kutembea vijiji vingi ambako padri alifika kwa nadra.

Watu hawa walijulikana kupita kiasi, na bado walisema. Waliwezaje?

Jibu lililo wazi kuliko yote nimelikuta katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Rwanda na Uganda na kuenea mpaka kwetu. Watu wengi wakisikia Uamsho wanakumbuka nyimbo na machozi. Mimi nataka tumwangalie mhudumu mmoja wa hospitali.

Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Kampala na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa anafanya kazi Gahini, Rwanda. Wawili hao walisoma Biblia na kuomba pamoja, na kila mmoja akarudi kwake amewaka. Gahini, hospitalini kwa Church, alikuwapo mhudumu aliyeitwa Yosiya Kinuka. Hakuwa na furaha na kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, na alipoulizwa habari za hospitali akaanza kuorodhesha makosa ya wengine. Nsibambi akamgeuzia maneno: shida iko ndani ya moyo wako wewe. Yosiya alikasirika. Lakini njiani akirudi Rwanda neno lile lilimfanyia kazi, na alipofika Gahini alikuwa mtu mwingine. Alitubu mbele ya wenzake wa hospitali, wale waliomwona kila siku na kumjua vizuri. Baada ya hapo wengine wakaanza kutubu, vitu vilivyoibwa vikarudishwa, waliogombana wakapatana. Kutoka kundi dogo la namna hiyo timu za watu wa kawaida zilianza kusafiri, zikafika Uganda, Kenya, na mwaka 1939 Tanganyika upande wa Bukoba.

Tazama mpangilio wa mambo. Yosiya hakupata ujasiri kwanza halafu akatubu. Alitubu mbele ya watu waliomjua, na siku ile hofu yake ilikosa pa kujishikiza. Ni nani angemtisha kwa siri ambayo yeye mwenyewe ameshaisema?

Festo Kivengere alipita njia hiyohiyo. Alikuwa mwalimu kijana huko Kigezi, Uganda, alipookoka miaka ya mwanzo ya 1940. Muda mfupi baadaye alijikuta hana amani kwa sababu ya mzungu mmoja ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimchukia. Akapanda baiskeli, akasafiri maili 50 hivi, akamkuta mzungu yule nyumbani kwake na kumwomba msamaha. Maili 50 za vilima vya Kigezi kwa baiskeli! Baada ya hapo yeye na mkewe Mera walikuja Dodoma, na akafundisha huko kwa miaka mingi, akiwashuhudia Watanganyika wa ukanda huu wa kati. Februari 1977, wakati Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere alikuwa Askofu wa Kigezi na mmoja wa maaskofu waliokuwa wamemwandikia Amin barua ya kulalamikia maovu ya askari wake. Alilazimika kukimbilia Rwanda kwa miguu usiku kupitia milimani, na baadaye akaandika kitabu kusema kwamba anampenda Amin. Wasomaji wengi wanaanza na ushujaa ule wa 1977. Mimi naona ushujaa ule ulikuwa umeshaanza kwenye baiskeli.

Sasa turudi Singida, kwenye vitunguu.

Mkoa wetu unalima vitunguu vingi, na kila mkulima anaijua lumbesa: gunia linalojazwa mpaka shingoni, kisha linashonewa kilemba cha kamba na kuongezwa debe zima juu, halafu linalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza, serikali inaipigia kelele kila msimu, na bado inaendelea. Baadhi ya wanunuzi wa lumbesa ni wazee wa kanisa. Wengine wanaimba kwaya. Mnunuzi wa namna hiyo akihudhuria semina ya uinjilisti atatoka na daftari limejaa aya, lakini hatamwambia mkulima hata moja, na si kwa sababu hana kipawa. Mkulima ameibeba lumbesa mgongoni, anajua uzito wake. Kabla ya aya yoyote, mtu huyu anahitaji kuweka mizani.

Na si wanunuzi peke yao. Yuko mwenye mashine ya kukamua alizeti anayebakiza mashudu ya watu. Yuko mwenye shamba aliyewaita vibarua wa palizi na kuwalipa nusu kwa ahadi kwamba mvua ikinyesha vizuri atamalizia. Yuko mama wa kikundi cha kukopeshana ambaye fedha ya mwenzake ilikaa kwake mwaka mzima. Yuko kaka aliyekula ng'ombe wa mahari ya dada yake peke yake. Kila mmoja wa hawa ana mlango mmoja kijijini asiopenda kupita mbele yake. Ushauri wangu ni kwamba uinjilisti wako uanzie kwenye mlango huo.

Nenda bila Biblia mkononi. Nenda na deni. Mwambie, "Mama, shikamoo. Ile elfu arobaini ya palizi nilikudhulumu, nimeileta, naomba unisamehe." Usiongeze mahubiri. Ukiongeza, atadhani umekuja kumnunua kwa fedha yake mwenyewe. Akikuuliza umepatwa na nini, hapo mjibu, kwa sentensi mbili au tatu. Na asipouliza, rudi nyumbani. Utashangaa jinsi habari inavyosafiri mkoa huu wa upepo. Kabla ya jioni kisimani watakuwa wameshaisikia, na wiki inayofuata kuna atakayekusogelea kukuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli.

Hapa naomba niseme jambo la tahadhari, kwa sababu Uamsho wenyewe ulijeruhi watu mahali fulani. Toba inayojenga ujasiri ni ya dhambi yako, ikielekezwa kwa uliyemkosea. Kusimama ibadani na kutaja uzinzi kwa majina, ukamwaibisha mwanamke aliyekwisha kujenga nyumba yake, huo ni ukatili mwingine uliovaa kanzu. Yanayomhusu mke wako yamalize na mke wako. Yanayohitaji mchungaji au padri yapeleke kwake faraghani. Yale ambayo kijiji kizima kiliyaona, kama kupigana kilabuni au kumtukana mzee hadharani, hayo ndiyo ya kuombea radhi hadharani. Na usiwapime wengine kwa toba yako. Walokole wa zamani, watu wa Uamsho huo, waliwachosha wenzao kwa kuwauliza kila asubuhi kama wameshatubu, mpaka wengine wakajifunza kutubu kwa mazoea.

Baada ya mlango kufunguka, unasema nini?

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, yuko mtu wa Wagerasi aliyekuwa akiishi makaburini, akivunja minyororo, akijikata kwa mawe. Yesu alipomponya, mtu huyo aliomba afuatane naye. Ombi zuri kabisa. Angekuwa mwanafunzi, angejifunza, angehubiri Galilaya kwa watu ambao hawakuwahi kumwona uchi. Yesu alimkatalia. Alimtuma nyumbani, kwa jamaa zake, akawasimulie aliyotendewa na jinsi alivyorehemiwa. Basi, mtume wa kwanza wa Dekapoli alitumwa kwa watu haohao waliokuwa wamemfunga minyororo. Walimjua kuliko alivyotaka. Na ndiyo maana ushuhuda wake ulikuwa na nguvu: hawakuhitaji kuelezwa alikuwa nani. Makovu ya mikono yake waliyajua kwa tarehe zake.

Mtu huyo hakuwa na mafundisho ya darasa. Alikuwa na mambo mawili, nilivyokuwa na nilivyotendewa. Yule kipofu wa Yohana sura ya 9 naye alibanwa na wasomi wa dini kwa maswali ambayo hakuyaweza, akashikilia jambo moja alilokuwa na hakika nalo, kwamba jana hakuona na leo anaona. Mkristo wa Ilongero anayedhani lazima kwanza aweze kueleza Utatu ndipo aseme habari za Kristo amejitwika mzigo ambao Bwana hakumtwika. Swali usilolijua, sema hulijui, na kwamba utamwuliza mchungaji. Jirani atakuamini zaidi kwa hilo kuliko kwa jibu la kubuni.

Tena, punguza. Ushuhuda wa Kitanzania una tabia ya kunenepa. Dhambi za zamani zinazidi ukubwa kila mwaka, na Kristo anabaki na dakika moja mwishoni. Sema kweli, sema kwa ufupi, na acha mtu awe na nafasi ya kukujibu.

Mahali pazuri pa kujifunzia kusema hivyo ni sebuleni kwa mtu. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliazimia mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa kazi ya kichungaji, na leo huwezi kuwa Mkatoliki wa Singida bila jumuiya. Walutheri na Wapentekoste wana ibada za nyumba kwa nyumba, mahali pengine zinaitwa seli. Tatizo ni kwamba tumezigeuza mahali pa kusomea michango: harusi, jengo, mavuno, ugeni wa askofu. Zikirudi kwenye kazi yake, kila mtu anasoma Neno na kusema lilivyomgusa wiki hiyo. Yule mama asiyefungua kinywa kanisani anasema sentensi moja mbele ya watu kumi anaowajua. Mwezi ujao anasema tatu. Akija kukutana na jirani aliyefiwa, kinywa chake tayari kimezoea. Ningekuwa na uwezo ningewaomba viongozi wote wa jumuiya wasome michango mwishoni kabisa, watu wakiwa wamesimama.

Jirani huyo, hapa kwetu, mara nyingi ni Mwislamu. Hakuna takwimu ya kutuambia nani ni wengi, kwa sababu sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu mwaka 1967, na nadhani hilo limetusaidia kuishi pamoja. Familia nyingi za Kinyaturu zina pande zote mbili mezani. Baba mdogo ni Hamisi, shangazi ni Maria, na kwenye msiba wote wanalala mkeka mmoja. Ujasiri hapa una sura yake. Miaka ya 1980 na 1990 mihadhara ya kushindanisha vitabu ilijaa viwanja vya miji yetu, kwanza kwa upande mmoja kisha kwa mwingine, na nchi ikaonja chuki ambayo haikuizoea. Sheria zetu zinamruhusu kila mtu kutangaza imani yake, na zinamwadhibu anayetukana imani ya mwenzake kwa makusudi. Petro aliandika jambo la karibu na hilo kabla hatujawa na sheria: tuwe tayari kumjibu anayeuliza sababu ya tumaini letu, na jibu hilo tulitoe kwa upole na heshima.

Kwa hiyo ule futari ya jirani ukialikwa. Nenda msibani mapema, ubebe kuni, uchimbe kaburi. Akiumwa, mwombe ruhusa ya kumwombea kwa jina la Yesu, kwa uwazi, bila kuvizia. Wengi hukubali, na asiyekubali umheshimu. Usimfanye rafiki ili umhubirie, mfanye rafiki kwa kuwa ni jirani yako. Na akikuuliza, usijifiche. Yupo Mkristo anayedhani ni adabu kumnyima Mwislamu jibu, akageuza mazungumzo kwenda kwenye Simba na Yanga. Jirani ameuliza kwa moyo, ameondoka mikono mitupu. Mwaka 1955, pale Namirembe, Kampala, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliwaweka wakfu maaskofu Waafrika, na kati yao alikuwamo Yohana Omari, askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana Tanganyika, aliyekwenda kuhudumu katika dayosisi ya Kianglikana ya ukanda huu wa kati. Jina lake linasimulia nyumba aliyotoka. Mtu fulani, ambaye hatumjui, aliwahi kumjibu Omari alipouliza.

Kuna jaribu jingine la Singida ambalo semina za mjini hazilijui, nalo ni mvua. Tunapata msimu mmoja tu, Novemba au Desemba mpaka Aprili, na mwaka ikikatika Januari kila mtu anaona njaa kwa macho. Ihanzu, huko Mkalama, matambiko ya mvua ya kijiji cha Kirumi yalikuwa na nguvu sana. Mwanaanthropolojia Todd Sanders aliishi huko miaka ya 1990 na ameandika kitabu kizima juu ya matambiko hayo. Mwaka wa ukame wazee wanapozungusha mchango wa tambiko, Mkristo anakutana na swali ambalo halina pa kujificha. Akikataa, na mvua isinyeshe, watasema ni yeye. Akitoa kimyakimya ili yaishe, amekwisha kusema imani yake ni ya Jumapili.

Sioni kwamba kanisa limewasaidia watu wetu vya kutosha katika jambo hili. Wengine wameachwa watoe na kuungama baadaye, wengine wamefundishwa kuwadharau wazee na kuwaita wachawi mbele ya wajukuu. Ninachokiona kinafaa ni kigumu zaidi. Mwendee mzee mapema, kabla mchango haujafika kwako. Kaa kwenye kigoda, msalimie inavyostahili, umwambie, "Babu, njaa hii ni yetu sote. Mimi mvua naiomba kwa Mungu aliyeumba, kwa jina la Kristo, kwa hiyo mchango wa tambiko sitatoa. Lakini nina madebe mawili ya uwele; watoto wa nyumba hii wakikosa, wala usinitumie mtu, nitaleta mwenyewe." Kisha ulete. Mzee huyo hatasahau kwamba ulimkatalia usoni pake, kwa adabu, kisha ukaja na uwele mkononi. Kukataa kwa namna hii ni kuhubiri, na mwaka wa njaa kunasikika kuliko mkutano wa hadhara.

Najua tunasoma haya na miguu inatetemeka. Hata Paulo alitetemeka. Aliwaandikia Wakorintho kwamba alikuja kwao katika udhaifu na hofu nyingi, na katika Matendo sura ya 18 Bwana alimtokea usiku mjini humo kumwambia asiogope. Hakuna anayeambiwa asiogope kama haogopi. Akiwa kifungoni aliwaomba Waefeso wamwombee apewe neno na ujasiri wa kulisema. Mtume mwenyewe aliombewa ujasiri na watu wa kawaida, hata watumwa. Petro na Yohana walipotoka mbele ya Baraza wakiwa wamekwisha kutishwa, kanisa la Yerusalemu halikuomba vitisho viondoke. Liliomba wapewe kusema kwa ujasiri wote vitisho vikiwa palepale. Na liliomba pamoja, mahali pamoja.

Kwa hiyo usiombe peke yako. Tafuta wawili katika jumuiya yako, mtajiane watu: huyu ni shemeji yangu, yule ni fundi baiskeli tunayepakana naye, yule ni mwanangu wa kwanza. Waombeeni kwa majina kila mnapokutana, na kila mara mwulizane, ulionana naye? Mlizungumza nini? Hofu ya mtu mmoja ikibebwa na watatu inakuwa nyepesi kiasi cha kutembea nayo.

Nimebakisha neno kwa vijana, kwa kuwa Singida inawasafirisha. Kila mwaka mabasi ya alfajiri yanawachukua kwenda Dodoma kwenye ujenzi, Dar es Salaam kwenye maduka ya Kariakoo, Mererani kwenye migodi. Wanafika mahali ambapo hakuna anayewajua. Unaweza kudhani huko ushuhuda ungekuwa rahisi, kwa kuwa hakuna wa kukukumbusha ya zamani. Inatokea kinyume. Asiyejulikana hana anayemtazamia kitu, na imani ambayo haikutarajiwa na mtu inakauka polepole bila yeyote kugundua. Wiki ya kwanza ukishafika, tafuta kanisa na ujiandikishe kwenye jumuiya ya mtaa ule, hata kama unalala kwenye chumba cha watu sita. Waambie wenzako wa chumba mapema kwamba wewe ni Mkristo na Jumapili asubuhi unatoka. Ukichelewa mwezi, itakuwa vigumu. Ukichelewa mwaka, utaona haya. Katika Matendo sura ya 11 wako watu waliotawanywa na mateso, wenyeji wa Kipro na Kirene, waliofika Antiokia na kuanza kuzungumza na Wayunani. Luka hakuandika majina yao. Lakini majirani wao wa Antiokia waliwajua kwa majina, waliwajua kwa kazi zao na kwa nyumba walizopanga, na ni katika mji huo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.